Hivi shampuu inakula waksi na ile dawa ya kioo ya kufukuza maji, au nimejiroga mwenyewe?

#1 Tope Jekundu
Wadau salaam. Nina kisa na swali.

Wiki tano zilizopita nilitenga siku nzima nikapiga gari waksi, ile ya kopo unayopaka kwa sponji na kufuta ikishakauka. Siku hiyohiyo nikapaka kioo cha mbele dawa ya kufukuza maji. Mvua ya kwanza nilijiona mfalme. Boneti imejaa vitone vya duara kama shanga zimemwagika, na nikifika spidi ya 70 maji yanapanda kioo yenyewe na kutokomea juu ya paa, waipa nimezima.

Halafu nikanunua shampuu mpya, povu jingi mpaka raha. Nimeoshea mara tatu tu. Juzi imenyesha: boneti maji yamelala kama shuka, shanga hata moja hakuna. Kioo ndiyo balaa zaidi. Katikati kuna ukungu wa mafutamafuta, waipa zinarukaruka na kulia kama mlango wa stoo. Lakini pembeni kabisa, kwenye ile pembetatu ambayo waipa hazifiki, maji bado yanakimbia vizuri.

Shampuu imekula waksi? Na kioo je, mwizi ni huyohuyo?

#2 Siti ya Nyuma
Nimekaa pale, nawasubiri wenye magari yao. Langu mimi waksi yake ni vumbi.

#3 Mzee Boneti
Kijana, shampuu ya gari ya kweli haimalizi waksi kwa mara tatu, imetengenezwa iiache. Ukiona imeondoka, ama ile haikuwa shampuu, ama ile haikuwa waksi. Soma mgongo wa chupa utuambie imeandikwa nini.

Halafu, uliipaka juu ya rangi safi au juu ya uchafu? Wengi wanaosha, wanaona pang'avu, wanapaka. Siku nyingine osha, kausha, kisha vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi na upitishe vidole kwenye boneti polepole. Ukisikia chengachenga kama msasa mlaini, ujue waksi yako imeshika chenga, rangi haijaigusa. Chenga zikitoka, zinaondoka nayo.

#4 Povu la Bahari
Mzee yuko sawa nusu. Tatizo ni povu. Povu jingi ni dalili ya sabuni kali, na sabuni kali haichagui, inabeba uchafu na waksi kwa pamoja. Mimi natumia isiyotoa povu kabisa na waksi yangu inakaa.

#5 Mkemia wa Zamu
@Povu la Bahari hapo umechemka mkuu, na jina lako linakusaliti. Povu si kipimo cha ukali. Kuna dawa za kuondoa grisi hazitoi povu hata la kujaza kijiko na zinakuchubua mikono, na kuna shampuu ya watoto inayojaza beseni.

Chembe ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unayakimbia na kukumbatia mafuta. Mikia inajichomeka kwenye uchafu, vichwa vinabaki nje, maji yakipita yanavuta vichwa na uchafu unafuata. Sasa waksi imeganda, si mafuta yanayotembea. Ikishashikana vizuri, sabuni laini inateleza juu yake tu. Kinachoimaliza kweli ni alkali kali, viyeyusho kama mafuta ya taa na zile dawa za kutoa lami, na kusugua.

Na pH, ile namba ya kupimia asidi na alkali, watu wanaisoma kama namba ya kiatu. Kutoka 7 hadi 12 mnaona hatua tano. Kila hatua ni mara kumi, kwa hiyo ni mara 100,000. Zile dawa za kumwagia gari kabla ya kuosha, za kulegeza tope bila kugusa, nyingi zimewekwa soda kali na ziko huko juu. Tope Jekundu, uliosha mwenyewe mara zote tatu, au kuna siku ulipeleka?

#6 Dada Usukani
Salaam. Mimi naoshea sabuni ya maji ya vyombo miaka nenda rudi na maji bado yanafanya shanga. Kila nikisema hivi kwenye mijadala ya magari napigwa mawe, ila gari ndilo hilo, njooni mwagieni maji.

#7 Ndoo Mbili
@Dada Usukani dada yangu, hakuna wa kukupiga mawe, tunakuuliza tu unapiga waksi kila baada ya muda gani? Maana ukiipiga kila mwezi, hata uoshee majivu shanga utaziona.

#8 Dada Usukani
Kila miezi miwili hivi. Sasa hiyo si ndiyo kawaida?

#9 Ndoo Mbili
Kwa waksi ya kopo ni kawaida, ndiyo. Haya, nimerudisha jiwe mfukoni.

#10 Mkemia wa Zamu
Kumtetea kidogo Dada: sabuni ya maji ya vyombo nyingi ziko karibu na katikati, pH haifiki mbali, maana zinashikwa kwa mikono mitupu kila siku. Inalainisha waksi, inabeba mafuta ya juujuu, haiikwangui yote kwa mara moja kama watu wanavyosema. Sabuni ya mche na ya unga ndizo nyingine kabisa, hizo zina alkali ya kutosha. Tena sabuni ya mche ikikutana na maji ya chumvichumvi, yale yenye kalisi na magnezi, inatoa utando mweupe usioyeyuka. Ule unaouona pembeni mwa beseni. Huo ukikaa kwenye boneti, shanga utazisikia redioni.

#11 Tope Jekundu
Asanteni. Nimerudi na chupa mkononi. Imeandikwa ni ya "kuosha na kung'arisha kwa pamoja", inaacha "kinga ya kung'aa". Mara zote tatu nimeosha mwenyewe, nyumbani, sijapeleka popote. Kipimo wameandika kifuniko kimoja kwa ndoo. Mimi nilikuwa namimina kwa macho.

#12 Mzee Boneti
Kwa macho! Macho ya nani?

#13 Tope Jekundu
Macho ya mtu anayependa povu, shikamoo mzee.

#14 Mzee Boneti
Marahaba. Basi mwizi tumemkamata. Hiyo ni shampuu yenye waksi ndani yake. Unaosha na kupaka kwa wakati mmoja, na inashika kila inapopita: rangi, mpira, plastiki na KIOO. Kwenye rangi inapendeza. Kwenye kioo, waipa inaikuta, inaiburuta kwenda na kurudi, ndiyo huo ukungu wako wa mafutamafuta. Na mpira wa waipa ukishalamba waksi hautelezi sawasawa tena. Unashika, unaachia, unashika, unaachia. Ndiyo kule kuruka na kulia.

#15 Chura wa Mvua
Mzee naomba kutofautiana kidogo. Kama shampuu inaacha waksi, kwa nini boneti imepoteza shanga? Si ilitakiwa ziongezeke? Kwenye #1 kasema maji yamelala kama shuka.

#16 Mzee Boneti
Swali zuri, nalifikiria.

#17 Siti ya Nyuma
Mzee akisema "nalifikiria" tujue anatafuta pa kutokea 😂

#18 Mkemia wa Zamu
Nimsaidie mzee. Waksi inaweza kuwepo na shanga zisiwepo.

Maji safi yana mvutano wa uso wa kama milinewtoni 72 kwa mita, ndiyo unaoyafanya yajikunje kuwa duara. Ukiweka sabuni unashuka mpaka kama 30 na kitu. Sabuni iliyobaki kwenye rangi, kwa sababu ilimiminwa kwa macho na haikusuuzwa vya kutosha, inakaa juu ya waksi kama utando. Mvua ikidondoka inayeyusha kidogo ya ule utando, maji yanapoteza mvutano na kulala chali. Waksi iko chini pale, imefunikwa uso.

Kwa hiyo kabla hujailaumu shampuu kwamba imekula, hakikisha kwanza haijakaa juu yake. Chukua sehemu moja ya boneti, isuuze kwa maji mengi safi, ifute kwa kitambaa safi chenye maji, isuuze tena, kisha mwagia maji uangalie.

#19 Povu la Bahari
Yaani anaongeza maji kuthibitisha maji. Haya.

#20 Kivuli cha Mwembe
Nyote mnazungumza kemia, mimi nazungumza jua. Gari linashinda wapi? Waksi nyingi za kopo zina nta ya kanauba, ile inayokwanguliwa kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa huko Brazil. Gari jeusi likisimama juani bati linakuwa pasi. Waksi inayeyuka na kuondoka. Shampuu inasingiziwa.

#21 Mkemia wa Zamu
Kanauba inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Bati la gari jeusi linaweza kupanda juu ya 70, ila hiyo 82 ni mbali bado. Ndiyo maana inapendwa, ni katika nta za mimea zilizo ngumu kuliko zote.

#22 Kivuli cha Mwembe
Sawa, ila kwenye kopo si kanauba tupu, mkuu. Tupu ni ngumu kama jiwe, huwezi kuipaka. Wanaichanganya na viyeyusho, mafuta, parafini, wengine nta ya nyuki. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye 62 au 64. Sasa hapo bati lako la 70 linaifanyaje?

#23 Mkemia wa Zamu
Hapo umenipata. Mchanganyiko unalainika mapema kuliko kanauba peke yake. Bado si kwamba inatiririka na kudondoka chini, lakini ikilainika inashika vumbi na inafutika kirahisi zaidi. Napunguza sauti.

#24 Dada Usukani
Hii nimeipenda, mkemia kapunguza sauti. Ibandikwe juu.

#25 Fundi Vioo
Salaam wadau, nimechelewa. Mmeishika boneti, kioo mmekiacha. Vitu viwili tofauti hivi.

Waksi kwenye rangi imelala tu juu. Dawa ya kioo inajifunga. Hizi za asili ya silikoni, kama ile Rain-X ambayo ipo tangu 1972, zinashikana na vijishikizo vilivyo kwenye uso wa kioo chenyewe. Ndiyo maana kabla ya kupaka lazima kioo kiwe kitupu kabisa: uoshe, utoe madoa, ufute kwa spiriti. Kikiwa na mafuta, dawa inashika mafuta.

Shampuu laini haivunji ule mshikamano. Alkali kali inauvunja. Ila adui namba moja wa dawa ya kioo ni waipa yenyewe. Fikirieni: kila ukiiwasha inapita mara 40 au 60 kwa dakika, na chini ya mpira kuna mchanga mlaini. Ni msasa ule. Tope Jekundu umejijibu mwenyewe kwenye #1: pembeni ambako waipa hazifiki, dawa bado ipo. Shampuu ilipita kioo kizima, pembetatu nayo iliogeshwa. Ingekuwa ndiyo mwizi, pembeni nako pangeisha.

#26 Chura wa Mvua
Aisee. Hii hoja ya pembetatu imenikata maini.

#27 Mzee Boneti
Hoja nzuri Fundi, lakini wiki tano? Dawa ya kioo iishe kwa waipa ndani ya wiki tano, na mwenye gari anasema alikuwa anazima waipa kwa furaha? Hizo waipa zilikwangua saa ngapi?

#28 Tope Jekundu
Nilikuwa nazizima nikiwa mbio. Mjini kwenye foleni naziwasha, maana dawa bila upepo vitone vinakaa tu vinakutazama. Na asubuhi nina tabia ya kuziwasha kavu kupangusa vumbi.

#29 Fundi Vioo
Ulisema unaziwasha KAVU?

#30 Siti ya Nyuma
Fundi amekaa chini sasa hivi.

#31 Fundi Vioo
Sijakaa, nimelala. Ndugu yangu, waipa kavu juu ya vumbi si kufukuza dawa tu, unakichora kioo. Simama usiku taa za gari la mbele yako zikupige, angalia kama huoni mistari ya upinde iliyofuata njia ya waipa. Usinijibu, angalia tu.

#32 Tope Jekundu
Nimeangalia. Sijibu.

#33 Kifuu
Mimi mgeni kwenye uzi, ila kuna kitu hakijaulizwa. Kwenye tangi la maji ya waipa umeweka nini?

#34 Tope Jekundu
Maji. Na shampuu hiyohiyo kidogo, ili isafishe vizuri.

#35 Kifuu
Basi mimi nimemaliza, ahsanteni kwa kunisikiliza.

#36 Mzee Boneti
Hahaha! Yaani ukungu anautengeneza mwenyewe kila akivuta mkono wa waipa! Anapulizia shampuu yenye waksi, haisuuzwi, waipa zinaipaka kwa ustadi pale pale waipa zinapofika. Pembetatu inabaki safi kwa sababu hiyo. Fundi, hoja yako ya pembetatu imerudi kwangu na riba.

#37 Fundi Vioo
Hapana mzee. Hilo linaeleza ukungu, halielezi dawa kuisha. Ukungu na dawa kuisha ni vitu viwili.

#38 Mzee Boneti
Nani kasema dawa imeisha? Mkemia si alisema kwenye #18 inaweza kuwa imefunikwa uso tu?

#39 Mkemia wa Zamu
Nilisema habari ya waksi ya boneti. Msinitumie kwenye kioo.

Ila niongeze la kuhesabika. Kipimo cha haya mambo ni pembe ambayo tone linafanya na uso lilipolala, jambo ambalo Thomas Young alilieleza tangu 1805. Ikizidi nyuzi 90, uso unakataa maji. Ikipungua, unayakubali. Kioo kitupu kilichosafishwa vizuri ni chini sana, maji yanajitandaza. Chenye dawa nzuri kinapita 100. Jani la gimbi linapita 150, ndiyo maana tone linabingirika juu yake bila kuacha hata unyevu. Huna haja ya mashine: inamisha macho usawa wa boneti uangalie tone kutoka ubavuni. Likionekana kama mpira uliokatwa chini, uko juu ya 90. Likionekana kama kifuniko cha sufuria, uko chini.

#40 Ndoo Mbili
Mimi nataka kurudi kwenye boneti, na nitataja kitu ambacho wote mmekiruka: maji yenyewe. Nilihama nyumba, nikaanza kuoshea maji ya kisima. Waksi ileile, shampuu ileile, sponji lilelile. Ndani ya mwezi shanga zikaanza kupotea kwenye boneti na paa, ubavuni ziko. Nikabadili shampuu mara mbili, wapi.

Siku moja boneti imekauka juani nikainama kuitazama kwa karibu. Vimeduara vyeupe vidogovidogo, kila kimoja kina mdomo kama alama ya glasi juu ya meza. Ni chumvi. Tone linakauka, chokaa inabaki, na chokaa inapenda maji. Ubavuni hakuna kwa sababu maji hayatuami. Nikachanganya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nikafuta kivulini, nikasuuza haraka. Shanga zikarudi siku ileile! Waksi ilikuwepo muda wote.

Tope Jekundu, unaoshea maji gani, na unakausha au unaliachia jua?

#41 Tope Jekundu
Bomba. Naliachia jua. Nilijua jua ni bure.

#42 Kivuli cha Mwembe
Nilisema jua mimi. Mkanicheka.

#43 Povu la Bahari
Siki ni asidi. Si inakula waksi?

#44 Ndoo Mbili
Siki ya nyumbani ina asidi asetiki ya kama asilimia 5, nami niliichanganya tena. Waksi haina shida sana na asidi dhaifu, shida yake ni alkali na viyeyusho. Ila usiiache ikaukie, na usiipeleke kwenye alumini tupu iliyong'arishwa.

#45 Dada Usukani
Nina swali la pembeni. Zile sehemu za kuosha kwa mashine, gari linapita kwenye mabrashi halafu mwisho wanapulizia "waksi ya moto". Ile nayo inaleta ukungu kwenye kioo? Maana gari la shemeji yangu akitoka huko kioo kinakuwa kama kimepumuliwa.

#46 Mkemia wa Zamu
Ile kazi yake kubwa ni kusaidia maji yakimbie gari likauke haraka. Matone yake yamepewa chaji chanya, na uso wa rangi na kioo una chaji hasi ukiwa na maji, kwa hiyo yananata popote. Kioo hakisamehewi. Inadumu siku chache na ukungu wake unatoka kwa spiriti. Kama shemeji amepaka dawa ya kioo, amwambie mhudumu wasimpulizie.

#47 Dada Usukani
Shemeji hapaki kitu. Shemeji hata maji ya waipa hana.

#48 Kifuu
Huyo shemeji tumlete kwenye uzi.

#49 Tope Jekundu
Wakuu, nimefanya majaribio leo, mrejesho huu hapa.

Boneti: nimebandika utepe wa karatasi wenye gundi katikati kutoka nembo mpaka kioo. Kushoto nimefanya kama Mkemia alivyosema #18, maji mengi, kitambaa safi, maji mengi tena. Kulia nimefanya ya Ndoo Mbili, siki nusu, maji nusu, kivulini, nikasuuza.

Nikamwagia maji. Kushoto shanga zimerudi! Si zote za mwanzo, ni fupifupi na zimekaa uvivu, lakini shanga. Kulia hamna kitu. Maji yamelala vilevile.

Kioo: nimemwaga maji yote ya tangi, nimesuuza tangi mara mbili, nimeweka maji matupu. Nimefuta kioo kwa spiriti mpaka kitambaa kikaacha kushika utelezi. Ukungu umepungua sana. Waipa bado zinalia.

#50 Mkemia wa Zamu
Kushoto zimerudi. Ilikuwa masalia ya sabuni. Asante, mahakama iahirishwe.

#51 Ndoo Mbili
Haiahirishwi. Kulia nako alisuuza. Kama tatizo ni masalia tu, kulia pia pangerudi. Siki haiwezi kula waksi kwa dakika mbili.

#52 Povu la Bahari
Niliuliza hilo #43 nikaambiwa nitulie.

#53 Mzee Boneti
Swali kwa mwenye gari. Siku ya kupiga waksi ulianza upande gani?

#54 Tope Jekundu
Kulia. Kwa nini?

#55 Mzee Boneti
Na ulipaka nene au nyembamba?

#56 Tope Jekundu
Kulia nilipaka nene mzee, sikujua. Ilinisumbua kufutika mpaka nikaisugua kwa nguvu. Upande wa pili nikapata akili nikapaka nyembamba.

#57 Mzee Boneti
Basi kulia hukuwahi kuwa na waksi ya maana. Nene haikauki ndani, juu inaonekana tayari, ukifuta unaibeba yote. Zile shanga za mvua ya kwanza zilikuwa za mabaki. Hapo shampuu haina kesi, sabuni haina kesi, jua halina kesi.

#58 Kivuli cha Mwembe
Jua lina kesi. Unapaki upande gani ukielekea wapi mkuu?

#59 Tope Jekundu
Ubavu wa kulia ndio unaokula jua la jioni.

#60 Kivuli cha Mwembe
Mimi naenda zangu kulala.

#61 Chura wa Mvua
Kwa hiyo kulia: waksi nene, jua la jioni, siki. Kushoto: waksi nyembamba, kivuli, maji matupu. Jaribio limebadilisha vitu vitatu kwa mpigo 😂 Mkuu ungepaka siki na maji upande mmoja mmoja kwenye MLANGO mmoja.

#62 Tope Jekundu
Nikajuaje? Mimi nilitaka kuosha gari tu.

#63 Fundi Vioo
Turudi kwenye kioo, waipa bado zinalia. Umefuta kioo, mpira je? Chukua kitambaa chenye spiriti kidogo, shika mpira kwa vidole viwili, vuta taratibu mwanzo mpaka mwisho. Kitambaa kitatoka cheusi, rudia mpaka weusi upungue. Kisha uuangalie ule ukingo kwa ubavu: uwe mkali na mnyoofu. Ukiwa umejikunja upande mmoja na haurudi, mpira umekufa, badilisha. Na mkono wa waipa ukipinda kidogo tu, mpira unakaa mshazari, unateleza safari ya kwenda na kurukaruka safari ya kurudi.

#64 Kifuu
Wengine wanasema dawa yenyewe ya kioo inaleta kulia. Uso unakuwa mkavu mno, maji yamekimbia, mpira hauna cha kutelezea.

#65 Fundi Vioo
Kuna ukweli, hasa ikipakwa bila usawa, huku ipo huku haipo. Mpira unatoka kwenye maji unaingia pakavu. Ndiyo maana nasema dawa ya Tope Jekundu imeliwa viraka viraka katikati, na mlio unatoka hapo.

#66 Mzee Boneti
Mlio unatoka kwenye shampuu iliyo kwenye mpira.

#67 Fundi Vioo
Mzee, alishafuta kioo.

#68 Mzee Boneti
Kioo. Mpira hajafuta.

#69 Tope Jekundu
Nimefuta mpira sasa hivi. Kitambaa kimekuwa kama nimefuta sufuria ya mkaa. Wa kushoto umenyamaza. Wa kulia bado unalia, ila ni kwenye kurudi tu.

#70 Mzee Boneti
Kushoto wangu.

#71 Fundi Vioo
Kulia wangu. Mkono umepinda huo, au mpira umejikunja.

#72 Siti ya Nyuma
Kwenye gari hili kulia kuna mkosi.

#73 Usiku wa Pikipiki
Samahani kuingilia, uzi mzuri. Hiyo dawa ya kioo naweza kuipaka kwenye kioo cha helmeti?

#74 Fundi Vioo
Usipake! Kioo cha helmeti si kioo, ni plastiki, mara nyingi polikaboneti. Dawa za kioo cha gari zina spiriti na vitu vingine, zinaweza kukifanya kiingie nyufa nyembamba au kipoteze uangavu. Tafuta iliyoandikwa ni ya plastiki.

#75 Usiku wa Pikipiki
Nilishapaka.

#76 Kifuu
Lini?

#77 Usiku wa Pikipiki
Kabla ya kuuliza.